Kutazama na kujadili filamu tuzipendazo, za aina zote na za enzi zote: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya watu wanaokutana wachache, sebuleni au kwenye ukumbi wa kuazima, kutazama filamu moja na kuizungumza. Mifano mingi inatoka kwenye filamu tatu zenye uti wa mgongo mmoja: Seven Samurai ya Japani (1954), The Magnificent Seven ya Marekani (1960) na Sholay ya India (1975). Zote zinasimulia kijiji kinachoonewa na majambazi na wapiganaji wanaokodiwa kukitetea. Miisho yake inatajwa humu, kwa hiyo asiyeziona ni bora azitazame kwanza.

Naipenda filamu fulani sana, lakini nikiulizwa kwa nini, nabaki kusema "ni kali". Nianzie wapi?

Anza na tukio moja, hukumu ije baadaye. Neno "kali" halina pa kushika: anayekubali atakubali, anayekataa atakataa, na mazungumzo yamekwisha. Lakini tukio lina vitu vinavyoonekana na kusikika, na watu wasiokubaliana wanaweza kuoneshana kwa kidole.

Chukua Sholay, pale familia ya Thakur, yule anayewakodi wapiganaji, inapouawa uani. Sikiliza mlio wa bembea. Gabbar, kiongozi wa majambazi, anapomfikia mtoto mdogo anamwelekezea bunduki, lakini hatuoneshwi mtoto akianguka. Picha inahamia kwenye garimoshi linalomrudisha Thakur nyumbani. Ukishayasema hayo umekwisha kusema jambo la maana: mwongozaji Ramesh Sippy amekunyima picha moja ili uimalizie mwenyewe kichwani. Ndiyo maana Thakur anapozikuta maiti zimefunikwa shuka nyeupe, wewe unajua kilichopo chini ya ile shuka ndogo kabla hajaifunua.

Zoezi linalosaidia zaidi ni hili. Chagua kipande cha dakika 3 hadi 5 na ukitazame mara tatu. Mara ya kwanza kawaida. Mara ya pili zima sauti kabisa. Hapo utaona kamera imesimama wapi, nani yuko juu na nani chini, na picha inakatwa wakati gani. Mara ya tatu fumba macho usikilize tu. Wengi wanashangaa kugundua kwamba kilichowatoa machozi kilikuwa sauti, wakati miaka yote walidhani ni uso wa mwigizaji.

Tuulizane maswali gani filamu ikiisha?

Kwanza msiulizane kitu. Toeni dakika 2 za kimya, kila mtu aandike matukio mawili yaliyobaki kichwani. Msipofanya hivyo, mwenye sauti kubwa atatoa hukumu yake na wengine watatumia jioni nzima kumjibu yeye badala ya kuizungumza filamu.

Kisha zungukeni: kila mmoja ataje tukio lake bila kueleza maana. Yakishatajwa yote, maswali haya manne huzaa mazungumzo karibu kila mara. Ni kitu gani kinarudi zaidi ya mara moja? Katika Sholay ni sarafu ya Jai, mmoja wa wapiganaji wawili, anayoirusha kila wanapotakiwa kuamua. Baada ya kufa kwake ndipo tunajua pande zake mbili zinafanana, maana yake alikuwa akiamua mwenyewe siku zote. Nani anajua nini, na sisi watazamaji tunajua zaidi yake au pungufu? Kamera inakaa upande wa nani? Na la mwisho: tungeondoa tukio gani bila filamu kudhurika? Swali hili la mwisho lina nguvu kwa sababu anayetetea tukio analazimika kueleza kazi linayofanya.

"Umependa?" liwe swali la kufungia. Likija mwanzoni huua yote yanayofuata.

Tuwe wangapi, na tutenge muda gani?

Watu 6 hadi 12. Chini ya 6, wawili wasipofika mazungumzo yanapoa. Zaidi ya 12, wenye haya hawasemi neno. Filamu ya dakika 90 na mazungumzo ya dakika 40 hadi 45 inatosha jioni moja. Seven Samurai ina dakika 207, na yenyewe ina mapumziko katikati. Simameni hapo, kunyweni chai dakika 15, na mazungumzo yahamishieni siku nyingine. Kujadili saa nne usiku watu wakiwaza usafiri ni kazi bure.

Filamu za zamani zinanichosha. Ni mimi au ni zenyewe?

Mara nyingi ni mpangilio. Mtu anaambiwa aanze na filamu ndefu kuliko zote kwa kuwa ndiyo inayosifiwa, anasinzia, anahitimisha kwamba picha za nyeusi na nyeupe si zake. Anza na fupi yenye shida unayoielewa papo hapo. Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica (Italia, 1948) ina dakika 89: baba amepata kazi ya kubandika matangazo Roma, kazi inataka baiskeli, na baiskeli inaibwa siku ya kwanza. Hakuna anayehitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Baba huyo aliigizwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji, na inafaa kujadili: unaona tofauti gani kati ya uso wake na wa mwigizaji aliyezoea kamera?

Hatua ya pili iwe La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal (1966), takriban saa moja. Fuateni kinyago tu, tangu mwanzo hadi mwisho, kinakwenda mikononi mwa nani na kwa sababu gani.

Mbona kwenye filamu za kimya watu wanatembea kama wanarukaruka?

Kwa sababu zinachezwa kwa kasi isiyo yake. Mpiga picha wa enzi zile alizungusha kamera kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde. Sinema ya sauti ikaweka kiwango cha 24. Filamu iliyopigwa kwa 18 ikichezwa kwa 24 inakwenda kasi kwa theluthi moja zaidi: saa nzima inakuwa dakika 45, na mzee anayetembea kwa huzuni anageuka kichekesho. Nakala zilizokarabatiwa vizuri huwa zimerekebishwa. Mkiwa na nakala mbovu, ifungueni kwa programu ya VLC, bonyezeni kitufe cha [ kupunguza mwendo, mkishuka hadi karibu 0.75. Muziki utaharibika, uzimeni mweke wenu.

Filamu niliyoipenda niliitazama imetafsiriwa na msimuliaji kama Lufufu au DJ Afro. Hiyo inahesabika?

Inahesabika, na ijadiliwe kwa heshima zake. Msimuliaji anayesema juu ya picha, anayewapa wahusika majina ya mtaani na kumwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, hakuzaliwa kwenye kibanda umiza. Japani walikuwa na wasimulizi wa namna hiyo, benshi, waliosimama kando ya skrini enzi ya filamu za kimya, na baadhi yao walivuta watu kuliko waigizaji. Heigo, kaka mkubwa wa Akira Kurosawa, alikuwa benshi. Akira, aliyekuja kuongoza Seven Samurai, alianza kuipenda sinema akiwa chini ya kivuli cha msimuliaji.

Tofauti ya kuzingatia ni hii: mnajadili kazi mbili kwa pamoja. Ukisema "yule jambazi ana maneno makali", angalia kama maneno ni ya mwandishi wa filamu au ya msimuliaji. Njia nzuri ni kucheza tukio moja la dakika 5 kwa nakala iliyosimuliwa, kisha lilelile kwa sauti yake ya asili. Utaona msimuliaji anajaza hasa pale ambapo mwongozaji aliacha kimya. Wakati mwingine anaokoa tukio lililolegea. Wakati mwingine anafunika ukimya uliokuwa na kazi. Kulijua lipi ni lipi ni utazamaji wa hali ya juu.

Tunalinganishaje filamu za aina tofauti? Ya kauboi na ya Kihindi zinaingiaje kwenye mzani mmoja?

Tafuteni swali moja ambalo kila filamu inalijibu kwa namna yake. Kwa zile tatu, ulizeni: kijiji kinalipa nini, na wapiganaji wanapata nini?

Katika Seven Samurai wakulima wanalipa kwa wali. Samurai saba wanaingia, wanne wanakufa, na wote wanne wanauawa kwa bunduki, hakuna hata mmoja aliyeshindwa kwa upanga. Usiiruke hoja hiyo: ustadi walioujenga maisha yao yote unamalizwa na chombo ambacho yeyote anaweza kukifyatua. Mwisho wakulima wanapanda mpunga wakiimba, na kiongozi wa samurai anasema ushindi ni wao. Pigano la mwisho kwenye mvua na tope lilipigwa kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja, kutoka mbali, kwa lenzi ndefu zinazobana umbali. Ndiyo sababu unahisi farasi na watu wamesongamana hadi huoni njia ya kutoka.

John Sturges alipoihamishia Mexico katika The Magnificent Seven, alibakiza hesabu ileile: saba wanaingia, wanabaki watatu. Lakini ina dakika 128, na muziki wa Elmer Bernstein unawainua wapanda farasi tangu mwanzo. Kilichopunguzwa ni muda wa kukaa na wanakijiji. Jadilini: je, ukiwapunguza wakulima, kifo cha mpiganaji kinabaki na uzito uleule?

Sholay inabadilisha jambo kubwa zaidi. Wapiganaji ni wawili na ni wezi, na anayewakodi si kijiji bali mtu mmoja mwenye kisasi, Thakur, aliyekatwa mikono yote miwili na Gabbar. Ulinzi wa kijiji na kisasi cha mtu binafsi vinasukwa kamba moja. Kwa maoni yetu hapo ndipo ilipo nguvu yake, maana kila unapofurahia pigano unakumbushwa kwamba linaendeshwa na maumivu ya mtu asiyeweza hata kushika bunduki.

Mkifanya hivi mtaona maneno "kauboi", "ya vita" na "ya Kihindi" yanawasaidia kuipata filamu dukani, ila hayawaambii mengi kuhusu kilichomo.

Nyimbo za filamu za Kihindi turuke ili tuokoe muda?

Hapana. Mkiruka wimbo mnaruka habari. Ulizeni: kabla ya wimbo wahusika walikuwa wapi kimoyo, na baada yake wako wapi? Kama wamehama, wimbo ni tukio kamili. Katika Sholay kuna na kinyume chake: Jai anapuliza kinanda chake cha mdomo jioni, Radha, mkwe mjane wa Thakur, anazima taa moja baada ya nyingine, hawaongei. Mapenzi yao yote yamo humo, pasipo hata wimbo mmoja wa kuimba pamoja.

Picha inaonekana ya ajabu: watu wamenenepa, au kila kitu kinateleza kama tamthilia ya bei rahisi. Tatizo nini?

Ni matatizo mawili tofauti. Watu wakinenepa, picha imevutwa. Filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1950, na Seven Samurai pia, zina umbo la karibu mraba, upana mara 1.37 ya kimo. Televisheni ya leo ni 1.78. Ikivutwa ijaze kioo, kila uso unaongezeka upana kwa karibu theluthi moja. Nenda kwenye mpangilio wa umbo la picha, ondoa kuvuta na kukuza. Kwenye VLC bonyeza A hadi umbo likae sawa. Mistari myeusi kando ni ya kawaida, iacheni. The Magnificent Seven ni pana, mara 2.35, kwa hiyo mistari yake inakuwa juu na chini. Mkiikuza ili kuondoa mistari mnakata watu wa pembeni, na Sturges aliwapanga wale saba kwa upana ule makusudi.

Kuteleza ni kosa la televisheni inayobuni picha za kati ili mwendo uwe laini. Samsung huuita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Zimeni. Kama kuna Filmmaker Mode, tumieni hiyo.

Manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha) yanawahi au yanachelewa. Tufanyeje?

Pimeni kwanza. Angalieni tofauti dakika ya 5, kisha dakika ya 60. Kama ni ileile, kwa mfano sekunde 3 kote, sogezeni tu: kwenye VLC, H huchelewesha na G huwahisha, sehemu ya 20 ya sekunde kila mbonyezo. Kama tofauti inakua, nakala yenu na faili la manukuu vina kasi tofauti. Filamu ya picha 24 ikichezwa kwa 25, dakika 100 zinakuwa 96, na baada ya saa moja manukuu yamepishana kwa karibu dakika 2 na nusu. Kusogeza hakutasaidia, tafuteni faili jingine linalolingana na nakala yenu. Faili la manukuu lipewe jina lilelile la filamu na likae folda moja nayo. Herufi zikitokea kama alama zisizosomeka, lihifadhini upya kwa mfumo wa herufi wa UTF-8.

Kagueni haya siku moja kabla. Dakika 20 za kuhangaika mbele ya wageni huondoa hamu yote.

Mwenzangu anasema mwisho wake ni tofauti na nilioujua mimi. Nani mkweli?

Huenda wote. Sholay ilipigwa ikiwa na mwisho ambao Thakur anamuua Gabbar. Wakaguzi wa filamu wa India wakalazimisha polisi waingie na kumchukua. Zote mbili zipo. Metropolis ya Fritz Lang (Ujerumani, 1927) ilikatwa muda mfupi baada ya kutoka, na sehemu kubwa iliyopotea ikaja kupatikana Buenos Aires mwaka 2008; nakala iliyokarabatiwa ilioneshwa 2010. Seven Samurai nayo ilifupishwa ilipopelekwa nje ya Japani. Kwa hiyo andikeni urefu wa nakala kwenye mwaliko. Ni namba moja inayozuia ubishi wa nusu saa.

Ni sawa kumwambia mtu mwisho wa filamu?

Filamu ya miaka 50 nayo ni mpya kwa asiyeiona. Aliyekwisha kuiona asiharibu uhondo kabla ya kutazama. Baada ya kutazama, semeni yote. Mkijadili filamu ambayo mmoja hajaiona, taja matukio ya nusu ya kwanza tu.

Filamu bora kuliko zote duniani ni ipi?

Jarida la Sight and Sound la Uingereza limewauliza wahakiki swali hilo kila miaka 10 tangu 1952. Mwaka huo ilishinda Bicycle Thieves. Citizen Kane ikashika nafasi ya kwanza kuanzia 1962 hadi 2002, Vertigo ikaipokonya 2012, na 2022 ikawa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, iliyotoka 1975. Filamu hazikubadilika, waliopiga kura ndio waliobadilika na kuongezeka. Orodha ni nzuri kama ramani ya pa kwenda. Orodha yako mwenyewe iwe na filamu 10, na mbele ya kila moja andika tukio moja. Usiyeweza kuiandikia tukio irudie kuitazama kabla ya kuiweka.

Filamu ya zamani ikitudharau, tuitupe au tuitazame?

Itazameni, mseme yote mawili kwa uwazi. Hatari! ya Howard Hawks (1962) ilipigwa Tanganyika. Magari yanavyofukuza vifaru na twiga yamepigwa kwa ujasiri wa kweli, waigizaji wenyewe wakiwa juu ya magari. Na katika nchi hiyohiyo, Waafrika waliomo hawapewi hadithi yao. Wanafanya kazi pembeni mwa hadithi za wageni. Hesabuni: ni nani ana jina, nani anazungumza zaidi ya sentensi mbili, kamera inamkaribia nani. Hesabu hiyo inashawishi kuliko hasira, hata kama hasira ni ya haki.

Tukitaka kuonesha kwa projekta nje, tunahitaji nini?

Projekta nyingi za kawaida zinataka umbali wa mara 1.5 ya upana wa picha: picha ya mita 2, projekta mita 3. Shuka nyeupe inatosha ikipigwa pasi na kufungwa pembe zote nne. Mikunjo huonekana usoni mwa waigizaji. Anzeni jua likishazama kabisa. Spika iwekwe karibu na skrini, si nyuma ya watu, na iunganishwe kwa waya, kwani Bluetooth huchelewesha sauti na midomo haitalingana na maneno.

Umeme ukikatika, pigeni hesabu mapema. Projekta ya wati 250, kompyuta 60 na spika 50 ni wati 360. Kwa saa 2 na nusu ni wati-saa 900. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200 kwa karatasi, ila haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mna 600 tu. Haitoshi. Jenereta ndogo ya kVA 1 inatosha, iwekwe mbali na watu, upande ambako upepo unaelekea. Au tumieni projekta ndogo ya LED ya wati 80, na betri ileile itawafikisha mwisho.

Tunahitaji kibali?

Sebuleni kwa familia na marafiki, kwa kawaida hapana. Mkitangaza kwa umma au kutoza kiingilio, ulizeni kwanza: Tanzania ni Bodi ya Filamu, Kenya ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, ambayo pia hupanga umri wa watazamaji kwa alama GE, PG, 16 na 18. Mbali na bodi, kuna mwenye filamu. Kununua DVD au kulipia huduma ya mtandaoni kunakupa haki ya kutazama nyumbani, si ya kuonesha ukumbini. Waongozaji wa Afrika Mashariki mara nyingi hupatikana ukiwaandikia, na wengine hukubali kwa ada ndogo au kuja wenyewe kujibu maswali.

Za kwetu tuanze na zipi?

Supa Modo ya Likarion Wainaina (Kenya, 2018), dakika 74: msichana mgonjwa anayependa filamu za mapigano, na kijiji kinachoamua kumtengenezea yake. Inafaa watoto na watu wazima pamoja, lakini waambieni wazazi mapema kwamba inahusu kifo. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), kutoka riwaya ya Adam Shafi, iko Zanzibar ya miaka ya 1950. Waliosoma kitabu watataka kulinganisha, basi waombeni wataje tukio moja lililoachwa na moja lililoongezwa badala ya kusema kitabu ni bora. Na Pumzi ya Wanuri Kahiu (Kenya, 2009), hadithi ya wakati ujao maji yakiwa yamekwisha, ina dakika 21 tu: itazameni, ijadilini, kisha itazameni tena jioni hiyohiyo.